Bodi Isiyo na Kisingizio

Mama Pacha alijua kuna jambo kwa jinsi mumewe alivyovua viatu. Mtu aliyezoea kuvipanga ubavuni mwa mlango, kimoja sambamba na mwenzake, siku hiyo alivirusha; kimoja kikaingia chini ya cherehani, kingine kikalala chali mlangoni. Akapita bila salamu. Mama Pacha akaendelea kukanyaga cherehani kama hajaona kitu, ingawa kunyamaza, tusidanganyane, hakujawahi kuwa fani yake.

Maneno yalitoka wakati wa kula. Studio wamempumzisha. Bosi, kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika maikrofoni, amemketisha kwenye kiti cha wageni, akamwekea nyimbo alizozichanganya mwezi uliopita, kisha akamwambia kwa heshima zote, na heshima hiyo ndiyo iliyouma: "Mzee wangu, sauti za juu unazipandisha mno. Zinachoma. Wateja wanarudisha kazi. Nenda kapime masikio, ukirudi tutazungumza."

"Masikio," mumewe akasema, akiisukuma sahani. "Mimi, Mama Pacha. Mimi niambiwe habari ya masikio."

Ili uelewe jinsi neno hilo lilivyomuuma, ujue kwamba pale mtaani hana jina jingine. Ni Fundi Masikio. Redio ikikoroma, aliinamisha kichwa akakwambia ugonjwa uko wapi kabla hajashika bisibisi. Kuna mwaka aliwahi kusimamisha ukumbi mzima, watu wamekwisha kuketi, eti katika lile rundo la spika kuna moja imeungwa waya kinyume. Wakamcheka. Wakafungua, wakaikuta. Hadithi hiyo watu wameitia chumvi mpaka imekuwa chungu, lakini mzizi wake ni kweli, Mama Pacha alikuwepo. Mtu kama huyo ukimtoa masikio umembakizia nini? Mikono wanayo wengi.

"Mashine yao ndiyo mbovu," mumewe akaendelea. "Wamenunua kigeuzi cha ovyo, kinakula sauti za juu. Mimi nazipandisha ili nizisikie. Sasa kosa ni langu?"

Mama Pacha akauliza kigeuzi ndio nini, na hapo, kwa mara ya kwanza tangu aingie, uso wa mzee ulikunjuka kidogo. Akaeleza. Muziki uliomo kwenye kompyuta si sauti, ni tarakimu tupu, namba juu ya namba. Sikio halijui namba. Lazima pawe na kidude katikati cha kuzisoma hizo namba na kuzigeuza ziwe umeme unaopanda na kushuka, ndipo spika iweze kuimba. Kidude hicho ni mkalimani. Mkalimani akiwa mvivu anaruka maneno, na wewe msikilizaji utajuaje?

"Nitatengeneza wa kwangu," akasema. "Bodi nitaichora mwenyewe, kila kidude nitakichagua mwenyewe. Bodi isiyo na kisingizio. Nikizisikia sauti za juu humo, basi kosa ni la studio na Bosi ataniomba radhi."

"Na usipozisikia?"

Mzee aliinuka akaenda kunawa mikono.

Mama Pacha akamfuata hadi kwenye bomba. "Hospitali si hapo tu, Baba Pacha? Unakwenda asubuhi, unarudi."

"Watanipima na nini? Zile hedifoni zao umeziona? Sifongo imeliwa, waya umezungushiwa plasta ya kidonda. Nikose kusikia kwa ajili ya waya wao, halafu wao wanihesabu kiziwi?"

Methali ya sikio la kufa ilimfika Mama Pacha mpaka kwenye ulimi. Akaimeza.

Maana yeye alikuwa anajua. Alijua zamani, kabla ya Bosi na wateja wake. Saa ya mkononi ya mzee ililia pi-pi-pi kila alfajiri na aliyeamka kuizima alikuwa yeye. Wajukuu wakipiga simu, mzee aliwagombeza wasinong'one, na watoto walikuwa wakipiga kelele kama kasuku. Bila kupanga, Mama Pacha alianza kuongea akiwa mbele yake badala ya nyuma, akaanza kuishusha sauti iwe nene, akawa anamrudia maneno ya wageni kwa ujanja: "Ehe, kwa hiyo unasema shangazi anakuja kesho." Akawa masikio ya Masikio, na mwenyewe hana habari. Alikuwa akiogopa. Tena aliogopa kuliko mumewe, kwa sababu mumewe alikuwa bado na bodi ya kutumainia na yeye hakuwa nayo.

Basi kazi ikaanza, kwenye meza ya nyuma ya pazia, hatua chache kutoka kwenye cherehani. Mzee aliketi mbele ya kompyuta yake kuukuu akichora njia za shaba, moja baada ya moja, anafuta, anachora, anafuta. Mama Pacha alidhani atakuwa haelewi kitu, kumbe sehemu hiyo aliielewa vizuri tu. Ni kupanga ramani ya nguo kabla ya kutia mkasi. Chipu, yaani mkalimani mwenyewe, katikati, kama kifua cha gauni. Karibu yake sana, kidude cha chuma kinachopiga mapigo ili namba zisomwe kwa mwendo mmoja. Umeme uingilie upande huu, sauti itokee upande ule.

"Hapa ndipo wengi wanapoharibu," mzee alimwambia siku moja, amemwita aje aone. "Kuna ethi, njia ya umeme kurudia, ya upande wa namba, na kuna ethi ya upande wa sauti. Ni majirani wasiopatana. Ukiwaachia kupitiana uani kila mahali, matusi ya huyu yanasikika kwa yule. Unawakutanisha mlangoni tu, sehemu moja."

"Kama mimi na dada yako," Mama Pacha akasema. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Siku hizo alikuwa bado anacheka.

Vipuri, yule wa duka la pembeni la vifaa vya umeme, rafiki yake wa tangu ujana, hakuacha kumtania. Ukienda kwake kununua kapasita utapewa na ushauri bure, uutake usiutake. "Masikio, siku hizi vigeuzi vinauzwa vimekwisha tengenezwa, vidogo kama kiberiti. Bomba liko mlangoni, wewe unachimba kisima."

"Bomba lako lina kutu," mzee alimjibu, akawa anachambua rezista moja moja kama mtu anayechagua mchele.

Balaa la kwanza lilikuja na pasi. Bodi za nyumbani ndivyo zinavyotengenezwa: unachapa mchoro wako kwenye karatasi laini ya jarida, unaulaza kifudifudi juu ya shaba, unaupiga pasi mpaka wino unahamia, kisha unaitumbukiza kwenye dawa ya kula shaba. Palipo na wino panabaki, pengine pote panaliwa. Na pasi ya nyumba hiyo ni moja tu, pasi ya kazi ya Mama Pacha. Mzee aliichukua bila ruhusa, akairudisha bila kuifuta. Mama Pacha akaja kunyoosha sare nyeupe ya muuguzi mmoja, mteja wake wa miaka, akaivuta pasi mara moja tu, akaona kifuani mstari mweusi na vidoadoa, robo ya saketi nzima.

Alisema yote siku hiyo. Alisema mpaka yasiyohusu pasi. Mzee akajitetea kwamba angalau bodi imetoka safi, akaileta mbele yake kama ushahidi, na Mama Pacha, mshonaji, mtu anayejua nje na ndani ya kitambaa hata gizani, akaitazama akauliza, "Mbona maandishi yanasomeka kinyumenyume?"

Mzee akaitazama. Alikuwa amesahau kugeuza mchoro kabla ya kuchapa. Ukiulaza kifudifudi bila kuugeuza, kulia kunakuwa kushoto, na chipu ina miguu mingi myembamba, kila mmoja na pahala pake; hapo ilikuwa haina pa kukanyaga. Kosa la mwanafunzi. Wakatazamana, wakashindwa kujizuia, wakacheka wote wawili huku sare ya muuguzi imetandazwa kati yao. Mama Pacha alifumua kifua cha ile sare akashona kipya, na mzee akachapa upya.

Bodi ya pili ilikuwa sahihi. Akailehemu miguu ya chipu akiwa na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, amebana pumzi. Akaiwasha, ikaimba, lakini nyuma ya wimbo palikuwa na muungurumo mnene, mmm, kama friji la jirani. Huo mzee aliusikia mwenyewe na akaufurahia, maana ni ugonjwa anaoujua. Kulikuwa na tone la risasi ya kulehemu lililounganisha wale majirani wawili pasipotakiwa. Akalikwangua. Muungurumo ukakatika, kukawa kimya kabisa, na Mama Pacha alimwona akifumba macho na kutabasamu peke yake.

Kisha akaweka wimbo wake wa kujaribia. Ulikuwa wimbo wa kwaya aliourekodi mwenyewe akiwa kijana, enzi za kanda. Mwisho wa kila ubeti mtu aligonga matoazi, kidogo tu, kwa ncha ya kidole, na mzee ndiye aliyesogeza maikrofoni mpaka mlio huo mwepesi ukaingia. Aliujua kama anavyojua mlango wa nyumba yake. Alivaa hedifoni, akasikiliza ubeti wa kwanza, akasogea mbele. Ubeti wa pili, akabana hedifoni kwa viganja. Akaurudisha wimbo mwanzo.

"Mama Pacha. Hebu njoo."

Akamvika hedifoni yeye. Kwaya ikaimba, ubeti ukaisha, na matoazi yakaja: tsing, safi, meupe, kama yamegongwa ndani ya chumba kile. Mama Pacha akainua macho. Mzee alikuwa ameinama mbele yake, mdomo wazi kidogo, anamtazama usoni kama mtu anayemtazama daktari akisoma majibu.

"Unayasikia matoazi?"

Angeweza kusema ndiyo. Hapo ndipo lilipokuwa neno lenyewe, jepesi, limeiva, na laiti angelisema tungekuwa na hadithi fupi. Lakini aliuona ule uso, akaiona studio, kiti cha wageni, na mzee amekaa kibarazani miaka yote iliyobaki akitazama wapita njia.

"Siyasikii," akasema.

Mzee akashusha pumzi ndefu, akacheka, akampiga begani. "Unaona? Ni chujio hilo. Nilijua ni chujio."

Huruma nyingine ni ukatili tu uliovaa vizuri. Mkalimani, mzee alimweleza, akimaliza kuzigeuza namba huacha chenga fulani kwenye sauti, kwa hiyo mwishoni unaweka chujio. Chujio likiwa zito kupita kiasi linazuia chenga na chai yenyewe. Kwa hiyo yeye atalipunguza. Akabadilisha kapasita za chujio akaweka ndogo. Akasikiliza, akamwita. "Sasa je?" Mama Pacha akavaa, matoazi yakamgonga, tsing, akatikisa kichwa. Mzee akaweka ndogo zaidi. "Sasa je?" Akatikisa kichwa. Ukishaanza uongo wa namna hiyo unashuka nao mlima, huwezi kukaa chini katikati.

Siku zikawa mbaya. Mzee akaacha kunyoa. Aliulaumu umeme wa ukutani, akafunga betri. Akailaumu betri. Akaking'oa kile kidude cha kupiga mapigo akaweka kingine, akalaumu risasi, akalaumu waya, akamlaumu Vipuri kwa kumuuzia bandia, wakagombana mbele za watu. Chakula kilipoa mezani. Mama Pacha alishona mikono ya gauni moja ikatoka ya kushoto yote miwili. Usiku alilala akijiambia kesho nitasema, na kesho yake ikifika mzee anaamka na wazo jipya, na mtu mwenye wazo jipya ana uso ambao hutaki kuwa wewe wa kuuzima. Mwisho akaling'oa chujio lote. Bodi ikabaki uchi, namba zikageuka sauti na sauti ikatoka bila kupita popote. Hapakuwa na kitu kilichosalia cha kulaumiwa. Alipolivika tena hedifoni lile sikio lake, Mama Pacha alikimbilia jikoni akajifanya anatafuta chumvi.

Vipuri ndiye aliyekuja kulipasua jipu, na hakujua kama ni jipu. Alikuja mchana mmoja kutafuta suluhu, amebeba mfuko wa kapasita kama zawadi, akaketi kwenye kiti cha wateja wa Mama Pacha. "Haya, yaishe. Hebu na mimi nimsikie huyo mkalimani aliyenivunjia urafiki."

Mzee akaunga spika. Kwaya ikajaa chumbani. Ubeti ulipoisha Vipuri alikunja uso, akaziba masikio.

"Punguza matoazi hayo, ndugu yangu. Unanitoboa. Kama mtu anamwaga misumari."

Mguu wa Mama Pacha ulisimama juu ya kikanyagio.

"Unayasikia?" mzee akauliza.

"Kiziwi aliyeko sokoni anayasikia," akasema Vipuri, anacheka. Kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Hakuwa mjinga, akamtazama huyu, akamtazama yule, akakumbuka kuwa duka ameliacha wazi.

Mzee akazima wimbo. Hakupiga kelele. Mama Pacha angependa apige kelele.

"Ulisema huyasikii."

"Nilisema."

"Ulikuwa unayasikia."

"Tangu siku ya kwanza."

"Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa," mzee akasema. "Bosi ni mtoto wa watu, ana biashara yake. Wewe. Nimeing'oa bodi nzima, Mama Pacha. Nimemwita rafiki yangu mwizi. Na wewe uko hapo, unashona."

"Nilikuhurumia."

"Sikukuomba huruma. Nilikuomba masikio."

Mama Pacha akataka kumshika mkono, mzee akausogeza, si kwa hasira, akausogeza tu kama mtu anayepisha chombo. Akarudi kwenye kompyuta. Alitafuta humo kwa muda, kisha akavuta kigoda akakiweka mbele ya spika, akamwonyesha aketi. Yeye akaketi kwenye kiti chake, wakawa ana kwa ana, na skrini kando yao.

"Itaanza sauti moja chini, nene. Itapanda taratibu mpaka juu kabisa. Ule mstari utatuonyesha imefika wapi. Inua mkono. Sauti ikikuishia, shusha. Na usinihurumie."

Wote wawili wakainua mikono, kama watoto wanaoomba ruhusa ya kutoka darasani. Sauti ikaanza, nzito, ikatikisa glasi mezani, ikapanda. Ikawa ya mwanamume, ikawa ya mwanamke, ikawa filimbi. Mzee alikuwa amekaza macho ukutani. Ikazidi kupanda, na mkono wake ukateremka mpaka gotini. Akageuka kutazama mstari. Ulikuwa haujafika nusu.

Akamtazama mkewe. Mkono wa Mama Pacha ulikuwa juu.

Yeye aliisikia sauti ile imejaa chumba, nyembamba, inapanda kona za dari. Kwapa lilimuuma, machozi yakamlengalenga. Alitamani kuushusha. Mungu ndiye shahidi, alitamani, ingekuwa rahisi, sentimita chache tu za hewa. Mzee alikuwa anatazama mstari, anautazama mkono, anautazama mstari.

"Bado?"

"Bado."

Machozi yakamtoka wazi sasa na hakuyafuta, kwa kuwa mkono wa kuyafutia alikuwa ameuinua. Sauti ikakonda, ikakonda, ikawa kama uzi, na karibu na mwisho wa skrini ikampotea. Akashusha mkono.

Mzee akazima spika. Akaigusa bodi pembeni, pale zilipokutana zile ethi mbili, akapitisha kidole juu ya njia za shaba alizozichora.

"Bodi ni nzima," akasema. "Haina kosa hata moja."

"Haina, Baba Pacha."

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni. Mzee alivua miwani, akafikicha macho, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayeuliza habari za barabarani.

"Ile ya mwisho, kabla hujashusha mkono. Iko vipi?"

"Nyembamba."

"Nyembamba vipi? Nimesahau."

Mama Pacha akatafuta neno, akalikosa. Basi akafuta mdomo kwa kanga, akasogeza kigoda mpaka magoti yao yakagusana, akakutanisha meno na kupuliza kati yake, taratibu, akaivuta ile sauti kwa urefu kadiri pumzi zilivyomruhusu, akaipandisha mpaka mwisho. Mzee aliinama mbele, ameyatulizia macho meno yake.

"Haya," akamwambia, "anza."

Mama Pacha alikuwa amekwisha maliza.